Kisasi Kilichopokonywa: Sholay Machoni pa Eastlands

Sholay (1975), filamu ya Ramesh Sippy, husifiwa kwa jambazi Gabbar Singh, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, uzito wake umo katika Thakur, afisa wa polisi wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili, ambaye hana budi kukodi mikono ya wahalifu wawili ili alipize kisasi. Vichekesho vya gerezani vinaurefusha msuko bure. Naye Radha, mjane, hapewi sauti. Lakini udhaifu mkubwa umo mwishoni. Awali Thakur alimuua Gabbar kwa miguu yake. Wadhibiti wa filamu, India ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975, walishurutisha polisi wafike wamzuie.

Watu wa Eastlands, waliozifuata filamu za Kihindi katika sinema kama Shan ya Ngara, walikuwa na Hali ya Hatari yao. Katika Operesheni Anvil, Aprili 1954, Nairobi ilizingirwa, mitaa ya Waafrika ikasakwa, maelfu wakatiwa kizuizini. Kwa mtazamaji mwenye kumbukumbu hiyo, askari anayewasili dakika ya mwisho akihubiri sheria ndiye mhusika asiyesadikika kuliko wote, Gabbar akiwemo.