Mkomazi: swali ambalo mahakama haikupaswa kuanza nalo

Machi 1988 haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba ya Tanzania zilianza kudaiwa mahakamani, baada ya kuahirishwa kwa miaka mitatu. Mwaka huohuo Serikali iliwaondoa wafugaji katika Pori la Akiba la Mkomazi, kwenye tambarare zilizo chini ya milima ya Upare wilayani Same. Pori lilipotangazwa mwaka 1951, baadhi ya familia za Waparakuyo, wafugaji wanaozungumza Kimaasai, ziliruhusiwa kubaki. Wafugaji 53 walipofungua shauri Mahakama Kuu, Moshi, jaji aliona wameondolewa isivyo halali, ila hakuwarudisha. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja yao ya umiliki wa asili: Wamaasai, ilisema, ni wageni waliokuja nyuma ya Wapare na wengine. Hoja iliyobeba hukumu ikawa ni nani alitangulia, na Wapare waliosifiwa kwa utangulizi huo hawakupata hata malisho ya mbuzi mmoja.

Wapo watakaosema majaji hawakuwa na njia nyingine, wala hawangeweza kutegemea mikataba ya haki za binadamu, kwa kuwa kwetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria mpaka Bunge liutungie sheria, na mdai ndiye mwenye mzigo wa ushahidi. La ushahidi ni kweli, na lina uzito. La mkataba ni nusu ya ukweli. Katika shauri la Daudi Pete, Mahakama hiyohiyo ya Rufani ilikuwa imekwishasema kwamba haki za Katiba zisomwe kwa kuzingatia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, alitumia mikataba kufuta mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo. Katika shauri la Akonaay, haki ya ardhi ya kimila ilitambuliwa kuwa mali inayolindwa na Katiba. Nyenzo zilikuwepo, na kwa nyenzo hizo mtu aliyeishi mahali kwa ruhusa angeweza kuulizwa aliondolewa kwa utaratibu gani na kwa fidia ipi, kabla ya kuulizwa babu yake alifika lini.

Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliwapa ushindi Waogiek wa Kenya waliofukuzwa msitu wa Mau. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, hivyo mfugaji wa Same mwenye shauri jipya, akishindwa katika mahakama za nchini, hawezi tena kulipeleka huko mwenyewe.