Kutoka Matope ya Magadi hadi Silika Yenye Matundu

Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, halina mto unaotoka. Chemchemi za moto humimina maji ya soda humo, jua la Bonde la Ufa huyakausha, na kinachobaki ni tabaka nene jeupe ambalo kwa mbali huonekana limeingia wekundu. Ni magadi yaleyale wanayotia wapishi wengi kwenye maharage ili yaive upesi, ila hapa yanachimbwa kwa mashine, na sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya vioo. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, aliandika katika jarida la Science kwamba kwenye matabaka ya kale ya kandokando ya ziwa hilo amekuta madini mawili ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Moja akaliita magadiaiti, la pili kenyaiti.

Eugster alikuwa akifuatilia asili ya gumegume, lile jiwe gumu ambalo watu wa kale walichongea zana. Maelezo yake yalikuwa hivi: maji yenye magadi makali huyeyusha silika kwa wingi, jambo ambalo maji ya kawaida hayawezi. Hali ya maji hayo ikibadilika, tuseme mvua kubwa ikamwaga maji baridi juu yake, silika hushuka chini ikiwa karatasi nyembambanyembamba zilizoshikana na sodiamu na maji. Miaka inavyopita sodiamu huoshwa na kutoka, na tope jeupe hugeuka kuwa gumegume. Kwa mwanajiolojia, hadithi iliishia hapo.

Wanakemia walivutiwa na zile karatasi. Kila karatasi ya silika ina chaji hasi, na sodiamu iliyo katikati haikushikwa kwa nguvu, kwa hiyo kitu kingine chenye chaji chanya kinaweza kuingia na kuchukua nafasi yake. Ukiingiza kitu kikubwa, karatasi zinatanuka na kuachana. Mwaka 1972 ndugu mwingine wa ukoo huo aliandikwa, safari hii kutoka eneo la Kanem kando ya Ziwa Chad. Aliitwa kanemaiti, na karatasi zake ni nyembamba kuliko za magadiaiti, tena laini. Wembamba huo ulikuja kuwa na maana kubwa.

Ili kuelewa kwa nini nafasi kati ya karatasi za silika iwashughulishe watu, lazima tupite kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Petroli haitoki yote kisimani ikiwa tayari. Sehemu kubwa hupatikana kwa kupasua molekuli nzito za mafuta ghafi. Mfaransa Eugene Houdry alionyesha kwamba udongo wenye asidi unaifanya kazi hiyo vizuri kuliko joto peke yake, na mwaka 1937 mtambo wake mkubwa ulianza kufanya kazi Marcus Hook, Pennsylvania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walibadili kichocheo chenyewe, wakatumia zeolaiti, fuwele ya silika na alumina ambayo imetobolewa kila upande kwa mpangilio usiokosea. Petroli iliyopatikana kutoka pipa lilelile la mafuta iliongezeka sana.

Tatizo la zeolaiti lilikuwa udogo wa milango yake. Ile inayotumika zaidi katika kupasua mafuta ina mlango wa kama nanomita 0.74, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Molekuli nzito kabisa, zile za masalia ya chini ya pipa, hazipenyi. Zinabaki nje zikigeuka masizi juu ya kichocheo, huku kazi yote ikisubiri ndani. Kwa miaka mingi watafiti walitafuta njia ya kupata mlango mpana zaidi bila kupoteza mpangilio. Huko Mobil kwenyewe, njia mojawapo ilikuwa kuchukua silika za karatasi, magadiaiti ikiwemo, kuzitanua kwa kemikali, kisha kusimamisha nguzo za silika katikati yake. Ripoti yao ya mwaka 1991 inaitaja wazi. Madini hayakulazimika kusafirishwa kutoka Kenya: magadiaiti hutengenezeka maabara kwa kupasha moto silika na magadi makali ndani ya chombo kilichofungwa.

Lakini Tokyo walikuwa wamekwisha tangulia. Mwaka 1990, Tsuneo Yanagisawa, Kazuyuki Kuroda na wenzao wa Chuo Kikuu cha Waseda walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kwa macho halikuwa na makuu. Walichukua unga mweupe wa kanemaiti, wakautia katika maji yenye kemikali ya jamii ya sabuni, ambayo kila molekuli yake ina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa kaboni. Ndugu zake tunawakuta kwenye dawa za kuoshea vidonda na losheni za nywele. Mchanganyiko ukapashwa joto pasipo kuchemka. Sodiamu ikatoka, vichwa vyenye chaji vikaingia, mikia ikakusanyika pamoja, na karatasi za silika, kwa kuwa ni nyembamba, zikakunjwa kuizunguka na kuungana. Kilichofuata ni tanuri. Mikia ikaungua na kutoka ikiwa hewa, silika ikabaki imesimama, na pale mikia ilipokuwa pakawa tundu la nanomita kama 2 hadi 4. Karatasi nene za magadiaiti hazikunjiki kirahisi hivyo.

Makala yao ilitoka katika jarida la Chama cha Kemia cha Japani, na nje ya nchi hiyo wachache waliishtukia.

Tarehe 22 Oktoba 1992 jarida la Nature lilitoa makala ya Charles Kresge, Michael Leonowicz, Wieslaw Roth, James Vartuli na Jeffrey Beck wa Mobil. Wao hawakuanza na karatasi. Walichanganya silika iliyoyeyuka na kemikali ya jamii ileile, wakaipika kwenye chombo cha shinikizo, kisha wakaichoma kwa nyuzi joto 540, kwanza ndani ya nitrojeni halafu kwenye hewa. Picha ya hadubini ya elektroni ilionyesha sega la nyuki: matundu ya pembe sita, safu kwa safu, sawasawa. Waliiita MCM-41. Walipobadili urefu wa mkia, upana wa tundu ulibadilika nao, na kwa kuongeza mafuta fulani waliufikisha nanomita 10. Walipopima kwa nitrojeni ya baridi kali, kwa mbinu ambayo Brunauer, Emmett na Teller waliiweka mwaka 1938, gramu moja ya unga ilionyesha eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 1,000.

Nani basi wa kwanza? Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 1997, pale kundi la Francesco Di Renzo nchini Ufaransa liliporudia maelekezo ya hataza ya mwaka 1971 ya Sylvania, kampuni iliyojulikana zaidi kwa balbu za taa. Waliokuwa wameiandika walitaka silika nyepesi tu. Kilichopatikana kwa maelekezo yao kilikuwa MCM-41. Kwa maoni yangu, watu wa Sylvania waliishika bila kuitambua. Wa Waseda waliitambua na kuipima. Wa Mobil waliieleza kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye tanuri angeweza kuirudia na kuibadili. Kama ni kugawa heshima, nusu nzima ningeipeleka Tokyo.

Matumaini ya viwanda vya mafuta hayakutimia upesi. Katika zeolaiti kuta zenyewe ni fuwele, lakini kuta za MCM-41 ni silika isiyo na mpangilio, nyembamba, na asidi yake ni hafifu. Mtambo wa kupasua mafuta huzungusha kichocheo mfululizo, na kila mzunguko masizi huchomwa kwenye joto la nyuzi 700 hivi, pamoja na mvuke. Mvuke huo huziangusha kuta. Mwaka 1998 Zhao Dongyuan, Galen Stucky na wenzao wa Santa Barbara, California, walitumia polima badala ya sabuni na kupata SBA-15, yenye kuta nene zaidi na matundu ya hadi nanomita 30. Mwaka huohuo walionyesha kwamba oksaidi za titani, zirkoni na metali nyingine nazo hukubali kujengwa kwa njia hiyo.

Javier García-Martínez, Mhispania aliyefanya utafiti MIT, alikwenda upande wa pili. Badala ya kujenga silika mpya, alichukua zeolaiti ya kawaida ya viwandani, akailoweka katika magadi hafifu pamoja na ile kemikali ya mkia mrefu. Fuwele ikajipanga upya ndani kwa ndani kuizunguka mikia, na baada ya kuchomwa ikabaki na milango ya aina mbili: midogo ya asili, na mipana ya nanomita kama 4, katika kuta ambazo bado ni zeolaiti. Kampuni aliyoianzisha, Rive, iliuza kichocheo hicho kwa viwanda vya kusafisha mafuta, na mwaka 2019 ilinunuliwa na W. R. Grace, mmojawapo wa watengenezaji wakubwa wa vichocheo vya kupasulia mafuta.