Jioni ya Houston: mgombea Mkatoliki mbele ya wachungaji wa Texas, 1960



Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano yetu ya walei: Mkatoliki anayegombea uongozi wa nchi anasimama kwa jina la nani, na akiisha kuketi kitini atamsikiliza nani? Sisi tunaofundisha dini tumezoea kulijibu kwa maneno ya katekisimu, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini iko siku moja katika historia ambapo swali hilo liliulizwa hadharani, kwa mtu aliyekuwa na mengi ya kupoteza, katika jimbo ambalo kura zake zingeweza kumpa urais au kumnyima. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 12 Septemba 1960, mjini Houston, katika Texas. Mtu mwenyewe alikuwa seneta John Fitzgerald Kennedy, mwenye umri wa miaka 43. Tungependa kuirudia siku hiyo bila haraka.

Kwanza tueleze uzito wa Texas. (Tunaposema jimbo hapa, msomaji asifikiri jimbo la askofu, ni mojawapo ya sehemu 50 zinazounda Marekani, kila moja na gavana wake na sheria zake.) Kwetu Kongo, tunapomchagua rais, kura ya Bukavu na kura ya Mbandaka hutiwa katika kapu moja la taifa, na zote zina uzito sawa. Marekani sivyo. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, kwa kadiri ya wingi wa watu wake, na karibu kila mahali anayelishinda jimbo, hata kwa kura moja, huwachukua wajumbe wote. Mwaka 1960 wajumbe walikuwa 537, na aliyefikisha 269 ndiye aliyekuwa rais. Kwa hiyo mgombea mwenye busara hapotezi siku zake katika jimbo lililo lake tayari, wala katika lile lisilomtaka kabisa; huenda kule ambako mizani inayumba. Richard Nixon, mshindani wa Kennedy, alikuwa ameahidi kuyatembelea majimbo yote 50, naye alikuwa mtu wa kushika neno lake: Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi alikuwa Alaska, yenye wajumbe 3. Texas ilikuwa na 24.

Tena Texas ilikuwa inayumba kweli. Kwa miaka mingi ilikuwa nyumba ya Wademokrati, chama cha Kennedy. Katika miaka 1952 na 1956 iliwaacha, ikamfuata jenerali Eisenhower, shujaa wa vita aliyezaliwa humo humo Texas. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Mara nyingine ilipowaacha ni mwaka 1928, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Mwaka huo Wademokrati walimsimamisha Al Smith, gavana wa New York, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani. Katiba ya nchi hiyo, katika kifungu chake cha sita, inakataza mtu kuulizwa dini yake kama sharti la kupewa kazi ya serikali. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Watu walienezeana uvumi kwamba Baba Mtakatifu atahamia Washington, na kwamba handaki linalopita chini ya mto pale New York litachimbwa hadi Vatikano. Leo tunacheka, wakati ule watu walipiga kura kwa kuogopa mambo kama hayo. Tuseme haki: hali ya uchumi ilikuwa nzuri, tena Smith alipinga sheria ya kukataza pombe, na hayo nayo yalimwangusha. Hata hivyo Herbert Hoover alipata wajumbe 444, Smith 87, na Texas ikawapa Warepublikani ushindi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tangu hapo, kwa miaka 32, hakuna chama kikubwa kilichothubutu kumsimamisha Mkatoliki tena.

Kennedy alijua hesabu hiyo. Tarehe 10 Mei 1960 alikuwa amemshinda seneta Hubert Humphrey katika kura ya ndani ya chama huko West Virginia, jimbo la wachimba makaa lenye Wakatoliki wachache sana, na wengi wakadhani jambo la dini limekwisha. Halikwisha. Mwezi Julai, huko Dallas, mchungaji W. A. Criswell wa kanisa kubwa la Kibaptisti alihubiri dhidi ya kumchagua rais Mkatoliki, na mahubiri yake yakasambazwa mbali. Tarehe 7 Septemba wachungaji na walei Waprotestanti wapatao 150, wakiongozwa na Norman Vincent Peale, mwandishi aliyesomwa na mamilioni, walikutana Washington wakatangaza kwamba rais Mkatoliki hataweza kujitenga na amri za maaskofu wake. Ndipo mwaliko wa umoja wa wachungaji wa Houston ulipokuwa mezani. Baadhi ya watu wake walisita. Kennedy akaenda.

Msaidizi aliyemwandalia maneno, Ted Sorensen, hakuwa Mkatoliki. Kwa hofu ya kuteleza katika mafundisho ya Kanisa alimsomea hotuba kwa simu padri John Courtney Murray, Mjesuiti, mwanateolojia ambaye wakuu wake walikuwa wamemzuia kuandika juu ya uhusiano wa Kanisa na serikali. Tunalitaja kwa sababu lina matunda yake baadaye.

Siku hiyo Kennedy alikuwa ameanzia El Paso, akapita Lubbock, akahutubia San Antonio mbele ya Alamo, ngome ambayo watu wa Texas huiheshimu karibu kama patakatifu. Jioni akaingia ukumbi wa hoteli ya Rice. Mbele yake walikaa wachungaji wapatao 300 na wasikilizaji wengine kama hao, na televisheni za Texas zilirusha yote. Alisema kwanza kwamba kuna mambo mazito kuliko hili: ukomunisti uliofika Kuba, watoto wenye njaa aliowaona West Virginia, wazee wasioweza kumlipa daktari. Kisha akalikabili swali. Hakuwa mgombea wa Wakatoliki, alisema. Alikuwa mgombea wa chama chake, ambaye pia ni Mkatoliki. Aliamini nchi ambamo padri hamwagizi rais Mkatoliki la kutenda, wala mchungaji hawaambii waumini wake wampe nani kura. Akawakumbusha wenyeji kwamba katika Alamo, bega kwa bega na mashujaa wao, walikufa watu wenye majina ya Kiayalandi, na hakuna ajuaye kama walikuwa Wakatoliki, kwa maana hakuna aliyewauliza. Mwenyewe alipigana katika bahari ya Pasifiki, na kaka yake alifia vitani Ulaya. Huko pia hakuna aliyewauliza. Akaonya kwamba ikiwa Wamarekani milioni 40 walipoteza nafasi ya kuwa rais siku ile walipobatizwa, basi taifa zima ndilo lililoshindwa.

Halafu likaja neno ambalo sisi tunaliona kuwa kiini cha jioni ile. Alisema kwamba ukifika wakati ambapo kazi yake itamlazimu ama kuvunja dhamiri yake ama kuvunja manufaa ya taifa, atajiuzulu. Akaongeza kwamba hatalikana Kanisa lake ili ashinde uchaguzi.

Maswali yalifuata, na hayakuwa ya upole. Mmoja alimwuliza kwa nini mwaka 1947 alikataa kuhudhuria karamu ya kanisa la ukumbusho huko Philadelphia, baada ya kardinali wa mji kutoafiki. Kennedy alijibu kwamba alialikwa kuwa msemaji wa Kanisa Katoliki, na hakuwa na mamlaka ya kulisemea. Mwingine alimtaka amwombe kardinali Cushing wa Boston apeleke msimamo wake Vatikano, ili uidhinishwe. Jibu lake tunalipenda kwa ufupi wake: kwa kuwa hakubali kwamba mkuu wa Kanisa aweza kumwamuru katika kazi ya serikali, hawezi pia kumwomba kardinali aende kumtafutia ruhusa. Hakukasirika. Wachungaji wengi waliondoka bila kugeuza kura yao, lakini walimpigia makofi, na filamu ya jioni ile ilionyeshwa katika majimbo mengine mengi hadi siku ya uchaguzi.

Wazazi wetu hawakuwa na nafasi ya kufuata habari hizo. Wiki moja kabla, tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu alikuwa amemfukuza Lumumba kazini, na Lumumba naye akamfukuza Kasa-Vubu. Siku mbili baada ya Houston, kanali Mobutu akawaweka wote kando. Lakini mtu aliyekuwa akihojiwa Texas ndiye angerithi mambo ya Kongo kwa upande wa Marekani. Alipoapishwa tarehe 20 Januari 1961, Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa siku tatu kabla, huko Katanga.

Turudi kwenye kampeni. Maneno ya Houston yangetosha kama maaskofu wote wangenyamaza, lakini hawakunyamaza. Mwezi Oktoba maaskofu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, walitoa barua ya kichungaji wakiwakataza Wakatoliki kukipigia kura chama cha gavana Luis Muñoz Marín. Kwa waliomshuku Kennedy, huo ulikuwa ushahidi mtamu: tazameni, kumbe maaskofu huamuru! Waumini wa Puerto Rico, walio wengi Wakatoliki, walimchagua Muñoz Marín bila shida. Sisi tunaopenda kuwasikiliza wachungaji wetu hatulifurahii tukio hilo, ila lingefichwa, historia hii ingekuwa ya uongo.

Texas yenyewe haikupatikana kwa hotuba peke yake. Kennedy alikuwa amemchagua Lyndon Johnson, seneta wa jimbo hilo, awe makamu wake. Johnson aligombea useneta na umakamu kwa karatasi moja, mguu huku na mguu kule, sheria ya Texas ikiwa imerekebishwa ili aweze. Tarehe 4 Novemba, huko Dallas, yeye na mkewe walizingirwa na wafuasi wa Warepublikani katika hoteli ya Adolphus, wakatukanwa, na ikawachukua karibu nusu saa kuvuka ukumbi mdogo. Picha zake ziliwachukiza watu wengi wa Texas. Upande mwingine, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wengi wao Wakatoliki, waliunda vikundi vilivyoitwa Viva Kennedy, wakaandikisha watu nyumba kwa nyumba, ingawa sheria ilimdai kila mpiga kura kodi ya dola moja na nusu au zaidi kidogo, fedha iliyokuwa nzito kwa kibarua wa shambani.

Tarehe 8 Novemba Texas ilimpa Kennedy ushindi wa kura 46,257 kati ya milioni 2.3 na kidogo. Nchi nzima tofauti ilikuwa kama 113,000 kati ya milioni 68, na wajumbe 303 kwa 219. Kama Texas na Illinois zingeegemea upande wa pili, Nixon angekuwa na 270. Malalamiko ya wizi wa kura yalitoka katika majimbo yote mawili. Ya Texas yalifika mahakamani yakatupwa, na Nixon mwenyewe hakutaka kuendelea na mashindano.

Je, Kennedy alijibu vema? Wakatoliki hawajakubaliana. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati juu ya uhuru wa dini, na miongoni mwa walioifanyia kazi alikuwa padri Murray, yule wa simu. Lakini mwaka 2010 askofu mkuu Charles Chaput wa Denver alikwenda Houston hiyo hiyo kusema kwamba hotuba ile, pamoja na unyofu wake, ilikosea, kwa kuwa iliwafundisha Wakatoliki kuiacha imani mlangoni wanapoingia serikalini. Tunaisikia hoja yake. Tumewaona wanasiasa wanaokuja misani siku ya kampeni, na siku ya kupitisha sheria wanasema dini ni jambo la nyumbani. Hata hivyo tunadhani kosa hilo ni la waliomwiga Kennedy. Walichukua nusu ya kwanza ya hotuba, ile ya padri asiyemwagiza rais, kwa maana haiwagharimu kitu. Nusu ya pili, ile ya kujiuzulu, waliiacha hotelini.

Tarehe 21 Novemba 1963 rais alirudi Texas kupatanisha chama chake kilichogawanyika, kwa kuwa bila jimbo hilo uchaguzi wa 1964 ungekuwa mgumu. Jioni alipumzika Houston, katika hoteli ya Rice, akashuka ukumbini kuwasalimu Wamarekani wa asili ya Meksiko, na mkewe Jacqueline akawahutubia kwa Kihispania. Kesho yake, katika hospitali ya Parkland huko Dallas, padri Oscar Huber, paroko wa Utatu Mtakatifu, alifunua shuka iliyomfunika uso, akamwondolea dhambi kwa Kilatini, akampaka mafuta matakatifu katika paji la uso.