Kichwa cha Jumatatu

Nyumbani kwetu Ruiru tulikua tukijua jambo moja kuhusu Guka: Jumapili alikuwa anakunywa. Shosho ndiye aliyetuambia, na hakuna aliyemdai ushahidi, maana ushahidi ulikuwa Jumatatu. Miaka ya sabini Guka alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe upande wa Juja. Kila Jumatatu jioni alirudi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hataki taa, hataki kelele, hataki chakula. Jumanne ana nafuu, na kufikia Alhamisi yuko sawa kabisa. Jumatatu inayofuata, yaleyale.

"Mtu anaaga anaenda kanisani, kumbe ana njia yake," Shosho alizoea kusema. Guka alikana mpaka akachoka kukana. Alifariki nikiwa mdogo, kabla sijafika umri wa kumuuliza kitu cha maana.

Mwaka jana Shosho alianza kubanwa na kifua. Kliniki moja ya Thika ikampa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi, na nesi akatuonya: "Kichwa kitamuuma siku za kwanza, msishtuke." Kweli kikamuuma. Tukiwa kwenye matatu kurudi nyumbani, nikaandika lile jina refu la pakiti kwenye simu. Intaneti ikanipa jina lake la pili: nitrogliserini. Nikadhani nimekosea herufi. Hiyo si ndiyo ile ya baruti?

Ni hiyo hiyo. Dawa ya Shosho na kilipuzi cha Guka ni kitu kimoja kwa vipimo tofauti. Ndipo nikaanza kusoma historia ambayo sikuwahi kufikiri inanihusu.

Nitrogliserini ilitengenezwa mara ya kwanza mjini Turin mwaka 1847 na mkemia Mwitaliano, Ascanio Sobrero. Aliionja kidogo tu, na kichwa kikampiga vibaya. Kwa hiyo maumivu ya kichwa yalianza siku moja na kemikali yenyewe. Ilikuwa mafuta yasiyoaminika, yanayoweza kulipuka kwa kugongwa tu. Mwaka 1864 mlipuko Stockholm uliua watu kadhaa, akiwemo Emil, mdogo wake Alfred Nobel. Mwaka 1867 Alfred akapata hataza ya dawa ya tatizo hilo: aliyaacha mafuta yanyonywe na udongo mweupe mwepesi, yakawa kitu cha kushikika na kufungwa kwenye karatasi. Akakiita dainamiti. Udongo wa aina hiyo hata sisi tunao. Ni dayatomaiti, ile inayochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil.

Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa na migodi na reli za kujenga, kwa hiyo ilikitaka. Mwaka 1871 kampuni ikaanzishwa Glasgow, na kiwanda kikajengwa Ardeer, kwenye vilima vya mchanga pwani ya Uskoti. Mwaka 1877 ilikuwa na jina la Nobel's Explosives Company. Mchanga ulikuwa na kazi yake: kibanda kimoja kikilipuka, vilima vinazuia moto usiruke hadi kingine. Mtu aliyechunga joto la mchanganyiko alikaa kwenye kigoda cha mguu mmoja. Akisinzia tu, anaanguka na kuamka. Wanawake ndio waliofunga dainamiti kwenye karatasi, kwa mikono.

Na ile mikono ndiyo iliyonisimamisha. Nitrogliserini hupenya kwenye ngozi. Huingia kwenye damu na kutanua mishipa, na kichwa kinagonga kama ngoma. Baada ya siku chache za kuishika, mwili unazoea na maumivu yanapungua. Ukikaa mbali nayo wikendi, mazoea yanapotea, na ukirudi Jumatatu unaanza upya. Wafanyakazi wa viwanda vya vilipuzi waliyajua haya vizuri sana, hadi wengine wakawa wanaweka kidogo kwenye utepe wa kofia ili Jumapili mwili usisahau.

Nilisoma hapo nikasimama, nikazunguka chumba. Jumatatu mbaya, Jumanne nafuu, Alhamisi sawa. Shosho alikuwa ametusimulia ugonjwa mzima bila kukosea siku hata moja. Alichokosea ni jina tu.

Madaktari nao walikuwa wameshaijua. Mwaka 1879, London, Daktari William Murrell aliandika jinsi nitrogliserini kidogo sana inavyotuliza maumivu ya moyo, kwa sababu ileile ya kutanua mishipa. Alfred Nobel mwenyewe aliandikiwa na madaktari wake kuinywa kwa ajili ya moyo mwaka 1896, mwaka aliofariki.

Mwaka huohuo wa 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Neno baruti tulikuwa nalo zamani, tangu enzi za bunduki za kushindilia na mapipa yaliyoshushwa kwenye bandari za pwani. Mwaka 1890, kule Brussels, mataifa yalikubaliana kubana bunduki na baruti zisiingie Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Mwafrika kuwa na baruti yake ilikuwa hatari. Kumfanyia mzungu kazi ya kulipua mwamba haikuwa hatari. Reli ikafika ziwani mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, nalo lilipita hapa kwetu Ruiru.

Huwezi kusema habari za Ardeer zilikuwa mbali mno kutufikia. Mwaka 1926 biashara ya Nobel ya Uingereza iliungana na kampuni nyingine tatu kuunda ICI. Mojawapo, Brunner Mond, ilikuwa tayari na magadi yetu ya Magadi. Walioijua nitrogliserini kuliko wote na waliokuwa wakichimba Kenya walikuwa chini ya paa moja, karibu miaka hamsini kabla Guka hajashika utambi.

Nilimtafuta mzee mmoja wa mtaa wetu aliyefanya kazi naye. Akanieleza walivyotoboa mwamba, wakatia baruti kwa mikono mitupu, wakashindilia kwa mti kwa sababu chuma hutoa cheche, filimbi ikapigwa, wakawasha utambi na kukimbia. Jumapili machimbo yalifungwa. Nikamuuliza kuhusu kichwa.

"Tulikuwa nacho wote," akasema. "Tulidhani ni vumbi."

Nikamuuliza kama kuna msimamizi aliyewahi kuwaeleza. Alicheka. Glavu zenyewe hawakupewa, sembuse maelezo.

Hilo ndilo linaloniuma. Kulipua mwamba kulihitaji leseni, na stoo ya baruti ilihitaji kufuli na daftari. Kila kijiti kilihesabiwa. Lakini jambo lililojulikana kwa karibu miaka mia moja, ambalo lingesemwa kwa sentensi moja siku ya kwanza ya kazi, halikumfikia mwanamume mmoja wa Ruiru. Kwa kukosa sentensi hiyo aliishi na jina la mlevi ndani ya nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mawe aliyoyapasua.

Jumamosi moja nikaketi na Shosho jikoni, nikamweleza yote polepole: kiwanda, ngozi, Jumatatu. Nikamwonyesha pakiti ya vidonge vyake. Akaigeuzageuza mkononi.

"Yaani kichwa hiki kilichoniuma wiki ile…"

"Ndicho hicho, Shosho."

"Na yeye alikuwa nacho kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

Alinyamaza muda mrefu. Chai ikachemka ikamwagika, hakuigusa. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Jumatatu nilimkosea," akasema. "Nitamwambia tukikutana." Akainuka kuzima jiko. "Lakini Ijumaa alikuwa anakunywa. Hilo usiandike."