Kifungua kinywa cha Kiingereza: Kikaango kimoja, vyakula vingi na hesabu ya dakika

Kwa familia nyingi za Uingereza, asubuhi ya Jumamosi au Jumapili ina harufu yake. Ni harufu ya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, maarufu kwa jina la bekoni, ikikaangwa taratibu jikoni huku birika la chai likisubiri mezani. Sahani inayofuata huwa imejaa: mayai, soseji, bekoni, nyanya, uyoga, maharagwe na mkate.

Huo ndio mlo unaofahamika duniani kama kifungua kinywa cha Kiingereza. Mahoteli mengi, yakiwemo ya Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, huuorodhesha kwa jina hilo. Hata hivyo, Waingereza wenyewe hawauli kila siku. Siku za kazi wengi wao huridhika na kikombe cha chai, kipande cha mkate au bakuli la nafaka kavu yenye maziwa.

Kila kimoja kati ya vyakula hivyo ni rahisi kupika. Ugumu upo katika kuvifikisha vyote mezani kwa wakati mmoja, vikiwa moto na vimeiva sawasawa. Mpishi asiyepanga kazi yake huishia na mayai yaliyokauka, maharagwe yaliyopoa na, jambo la hatari zaidi, soseji iliyoungua nje ilhali ndani bado mbichi.

Asili ya mlo

Ulaji wa bekoni na mayai nchini Uingereza ni wa kale, lakini kifungua kinywa kizito kilipata hadhi yake katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Malkia Victoria. Katika nyumba za matajiri wa mashambani, meza ya asubuhi ilikuwa ishara ya ukarimu na uwezo. Palikuwa na samaki, figo za kondoo, nyama baridi, mayai na hata wali uliochanganywa na samaki, ambao asili yake ni kichiri cha Bara Hindi.

Kitabu mashuhuri cha Isabella Beeton kuhusu uendeshaji wa nyumba, kilichochapishwa mwaka 1861, kilitaja soseji, figo, bekoni na mayai miongoni mwa vyakula vinavyofaa kwa asubuhi. Kitabu hicho kilisomwa sana na familia za tabaka la kati, ambazo zilitamani kuishi kama matajiri ingawa hazikuwa na wapishi wengi.

Maharagwe ya kopo yenye rojo ya nyanya, ambayo leo wengi hudhani yalikuwapo tangu zamani, ni mgeni katika sahani hiyo. Maharagwe ya kampuni ya Heinz ya Marekani yaliuzwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1886, katika duka la kifahari la Fortnum & Mason. Baadaye yalishuka bei na kuwa chakula cha watu wote.

Mlo huu nao ulishuka kutoka majumba ya matajiri hadi migahawa ya wafanyakazi. Mmoja wa migahawa hiyo, E. Pellicci wa mashariki mwa London, ulianzishwa na familia ya Kiitaliano mwaka 1900. Mwaka 2005 jengo lake liliorodheshwa miongoni mwa majengo yanayolindwa kisheria kutokana na umuhimu wake wa kihistoria.

Miaka ya mgawo

Upo wakati ambapo sahani hii ilikuwa ndoto. Januari 8, 1940, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilianza kugawa bekoni, siagi na sukari kwa kadi. Kwa kipindi kirefu, mtu mmoja alipata takriban gramu 113 tu za bekoni kwa wiki. Mayai nayo yalikuwa adimu. Mtu mzima alitarajia yai moja kwa wiki, na si kila wiki lilipatikana. Pengo hilo lilizibwa na unga wa mayai kutoka Marekani.

Vita vilimalizika mwaka 1945, lakini dhiki ya chakula iliendelea. Mgawo wa mayai uliondolewa mwaka 1953, na ule wa nyama na bekoni Julai 4, 1954. Kizazi kilichosubiri miaka 14 kukaanga bekoni bila kadi hakikuuona mlo huo kuwa jambo dogo. Hiyo ni sababu mojawapo ya Waingereza kuuthamini hadi leo.

Mahitaji kwa watu wawili

Sahani kamili ya watu wawili huhitaji soseji nne za nguruwe, vipande vinne vya bekoni, mayai mawili hadi manne, nyanya mbili zilizoiva lakini ngumu, uyoga kiasi cha gramu 150, kopo moja la maharagwe na vipande vinne vya mkate. Wengi huongeza vipande vichache vya soseji ya damu, inayotengenezwa kwa damu ya nguruwe, mafuta na nafaka. Wasomaji wa Kenya wanaoifahamu mutura hawatakuwa mbali na ladha yake.

Bekoni ya Kiingereza hukatwa sehemu ya mgongo wa nguruwe na huwa na nyama nyingi kuliko mafuta. Ile ya Marekani hukatwa tumboni, ina michirizi mingi ya mafuta na hukauka haraka ikikaangwa.

Chombo kinachofaa ni kikaango kipana na kizito, hasa cha chuma cha kusubu, kwa kuwa hutunza joto. Zamani mafuta yaliyotumika yalikuwa ya nguruwe. Siku hizi wengi hutumia mafuta ya mimea na siagi kidogo kwa ajili ya mayai.

Hatua kwa hatua

Kazi yote huchukua dakika 40 hivi. Kabla ya kuanza, oveni iwashwe kwa joto la nyuzi 100 na sahani ziwekwe ndani zipate moto. Asiye na oveni anaweza kutumia hotipoti kuhifadhi vilivyokwisha kuiva.

Kwanza ni soseji, kwa sababu ndizo zinazochelewa. Ziwekwe kwenye kikaango chenye kijiko kimoja cha mafuta, juu ya moto mdogo, zikigeuzwa mara kwa mara kwa muda wa dakika 20. Zisitobolewe kwa uma, kwani maji yake hutoka na nyama hukauka. Soseji iliyoiva haina wekundu ndani, na umajimaji wake ni mweupe. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 75.

Soseji zikishaingia kwenye oveni, zifuate bekoni na soseji ya damu, moto ukiwa wa wastani. Dakika tatu kila upande zinatosha. Wakati huohuo, maharagwe yawekwe kwenye sufuria ndogo, juu ya moto mdogo, yakikorogwa taratibu. Yakichemka kwa nguvu hupasuka na kuwa uji.

Hatua ya tatu ni uyoga na nyanya, ambavyo hukaangwa katika mafuta yaliyoachwa na bekoni. Uyoga usirundikwe, la sivyo utachemka katika maji yake badala ya kukaangika. Nyanya zikatwe katikati, zifutwe maji na kulazwa upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya dakika sita hivi vyote vitakuwa tayari.

Kisha huja mkate. Vipande viwili hukaangwa katika mafuta yaliyobaki mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Vingine viwili huchomwa bila mafuta na kupakwa siagi. Huu pia ndio wakati wa kuchemsha maji ya chai.

Mayai huwa ya mwisho. Kikaango kifutwe masalia yaliyoungua, kisha itiwe siagi au mafuta mapya. Mayai yapasuliwe kwa uangalifu, na mafuta ya moto yamwagiwe juu yake kwa kijiko ili ute ushike bila kuyageuza. Dakika mbili au tatu hutosha. Hapo kila kitu kipakuliwe mara moja, kwa kuwa yai la kukaanga halisubiri mtu.

Chai hunywewa pamoja na mlo, ikiwa kali na yenye maziwa kidogo. Mwandishi George Orwell, katika makala aliyoichapisha Januari 1946, alishikilia kuwa chai imiminwe kwanza na maziwa yafuate, na mjadala huo haujaisha. Sehemu kubwa ya majani ya chai yanayonywewa Uingereza hutoka Kenya.

Somo la mayai

Suala la mayai lilizua mtikisiko wa kisiasa Desemba 1988. Naibu waziri wa afya wa wakati huo, Edwina Currie, alitamka kuwa sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo imeathiriwa na vijidudu vya salmonela. Mauzo yaliporomoka, wafugaji wakalalamika, naye akajiuzulu mwezi huohuo.

Mwaka 1998 wafugaji walizindua mpango unaohusisha kuchanja kuku, na mayai yake hupigwa muhuri wa simba mwekundu. Kutokana na mafanikio ya mpango huo, Oktoba 2017 mamlaka ya chakula ya Uingereza ilitangaza kuwa hata wajawazito, watoto wachanga na wazee wanaweza kula mayai yenye muhuri huo yakiwa hayajaiva kikamilifu.

Ruhusa hiyo inahusu mayai ya mpango huo pekee. Kwa mayai mengine ambayo chanzo chake hakijulikani, ni busara kuyakaanga mpaka kiini kishike, hasa pale walaji wanapokuwa watoto, wajawazito, wazee au wagonjwa.

Kila upande na mila yake

Jina la Kiingereza halipokelewi kwa furaha kila mahali katika Ufalme wa Muungano. Waskoti huongeza soseji yao ya mraba, chapati ndogo za viazi na hagisi, yaani maini, moyo na mapafu ya kondoo yaliyochanganywa na shayiri. Huko Ireland Kaskazini, mikate ya magadi na ya viazi ikikosekana, sahani huhesabiwa kuwa pungufu. Wawelsh wa pwani hula mwani uliochemshwa hadi ukalainika, pamoja na kombe wadogo.

Ndani ya Uingereza yenyewe, mji wa Bury unasifika kwa soseji ya damu, na Cumberland kwa soseji ndefu iliyoviringwa kama kamba. Wapo pia wanaopinga viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, kwa hoja kwamba hiyo ni desturi ya Kimarekani iliyopenya kupitia mahotelini.

Kwa Waislamu, wakiwemo Waswahili wanaoishi katika miji ya Uingereza, nguruwe na damu ni haramu. Badala yake hutumia soseji za ng'ombe na vipande vya batamzinga vilivyokaushwa mithili ya bekoni, na ipo migahawa inayoviandaa. Nyama hizo hazitoi mafuta mengi, hivyo mpishi hulazimika kuongeza mafuta kidogo kabla ya kukaanga uyoga na nyanya. Wasiokula nyama kabisa hutumia soseji za mboga.

Kadiri ya kula

Uzuri wa mlo huu hauondoi tahadhari. Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo bekoni na soseji, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ilieleza kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi.

Uwezekano huo huongezeka kwa mtu anayekula kila siku, na haimaanishi kwamba sahani moja ni sumu. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inawashauri wanaozidisha gramu 90 za nyama nyekundu na zilizosindikwa kwa siku wapunguze hadi 70. Soseji mbili na vipande viwili vya bekoni pekee hufikia takriban gramu 130. Chumvi nayo ni nyingi, kwani imo ndani ya nyama, maharagwe na hata mkate.

Anayependa ladha bila kuzidisha anaweza kupunguza soseji hadi moja, kuoka nyama badala ya kuikaanga, kuacha mkate wa mafuta na kuongeza nyanya na uyoga.

Waingereza wengi hufuata njia rahisi zaidi: mlo huu wameuachia mwisho wa wiki, siku ambayo hakuna anayekimbilia kazini. Siku hiyo hata anayechelewa kuamka hukuta sahani yake imehifadhiwa moto, isipokuwa yai, ambalo hukaangwa akishaketi mezani.