Kusikia kwa Miguu: Ngoma ya Viziwi na Udongo Wetu

Katika Kiswahili chetu cha Kongo tunasema: nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu, nasikia harufu. Sikio haliko pale. Wazee waliotuachia hii luga walijua kwamba mutu anasikia kwa ngozi, kwa tumbo na kwa pua. Hata hivyo, ngoma ikilia kwenye ndoa ao kwenye matanga, mara nyingi mutoto kiziwi tunamukalisha pembeni. Tunasema: «Huyu hasikii, atacheza namna gani?» Ndugu wasomaji, tunataka kuonyesha hapa kwamba historia inakataa ile sababu.

Tuanze na chombo chenyewe. Lokole ya Walokele, kule karibu na Kisangani, ni kipande cha muti kilichochimbwa ndani, chenye midomo miwili: mumoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Mumisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mu 1949. Alieleza ginsi lokole inavyosema kwa kufuata sauti za juu na za chini za luga yenyewe. Lakini mbele ya kuwa neno, lokole ni muti unaotetemeka. Ngozi ya mutu inatambua mitetemeko mupaka karibu 1000 kwa sekunde moja, na inasikia vizuri zaidi ile ya karibu 250. Sauti nzito za ngoma ziko ndani ya kipimo hicho. Mu 2001, munganga Dean Shibata wa Marekani alionyesha jambo lingine: kiziwi akishika kitu kinachotetemeka, inaamuka ile sehemu ya ubongo ambayo wengine wanatumia kwa kusikia sauti.

Sasa, kwa nini viziwi waliwekwa pembeni? Tusiseme ni kosa la Waafrika peke yao. Mu 1880, katika muji wa Milan, mukutano wa walimu wa viziwi uliamua kwamba ishara za mikono zitoke mashuleni na mutoto alazimishwe kusema kwa kinywa. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Ilipita miaka 130 mbele ya mukutano wa Vancouver, mu 2010, kukataa maamuzi yale. Katikati ya wakati huo, Andrew Foster, Mumarekani mweusi na kiziwi yeye mwenyewe, alifungua shule Accra mu 1957, kisha mashule zaidi ya 30 mu inchi nyingi za Afrika, na Kongo ndani. Alikufa mu 1987 katika ajali ya ndege Rwanda. Njo maana ishara za viziwi wengi wa kwetu ziko karibu na zile za Marekani.

Upande wa kucheza, chuo kikuu cha Gallaudet, Washington, kina kundi la wachezaji viziwi tangu 1955. Wao wenyewe wanatuonya: mutetemeko wa sakafu peke yake hautoshi. Wanahesabu, wanaangaliana, wanarudilia mupaka mwendo unaingia mwilini. Basi tusiseme kwamba kiziwi ana muujiza mu miguu. Ana kazi, kama kila muchezaji mwema.

Leo viziwi wanaongoza ngoma zao wenyewe. Chisato Minamimura, Mujapani kiziwi anayeishi London, alitunga mchezo unaoitwa Scored in Silence, juu ya viziwi waliopona bomu la Hiroshima. Watazamaji wanavaa mukaba unaotetemeka, ili wanaosikia na wasiosikia wapate habari kwa mwili.

Na hapa udongo wetu unaingia. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lile la tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga yetu. Wachimbaji walioitoa hawakuambiwa ni ya kazi gani. Tena mu 2004 serikali ilifunga ile mine, na mwaka ule ule ikabomoka na kuua watu. Kwa hiyo mutetemeko ambao kiziwi wa Japani anatupatia mwilini ulianzia chini ya miguu yetu. Sisi wenye masikio mazima, udongo huu tumeukanyaga miaka mingi bila kuusikia.

Tunaomba nini? Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika inchi yetu, lakini sheria haiite mutu kwenye ngoma. Sisi njo tunamuita. Wazazi na walimu, wekeni ngoma juu ya mbao, kwa sababu ubao unapitisha mutetemeko kuliko saruji. Vueni viatu. Mutoto kiziwi asimame karibu na mupigaji, aone mikono yake, kisha mumupe nafasi naye aongoze. Tutajifunza kwake neno ambalo luga yetu ilikuwa nalo tangu zamani.