Vyumba vya Ubongo na Makao ya Akili

Ndani ya ubongo wa mwanadamu mna vyumba vinne vyenye maji: viwili vya ubavuni, cha tatu katikati, na cha nne nyuma, karibu na uti wa mgongo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wataalamu wengi walisadiki kwamba akili hukaa katika vyumba hivyo, wala si katika nyama inayovizunguka.

Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba vyumba hivyo vimejaa roho nyepesi iendeshayo hisi na mwendo. Mwishoni mwa karne ya 4 Nemesius, askofu wa Emesa katika Shamu, akavigawia kazi: vya mbele hisi, cha kati fikira, cha nyuma kumbukumbu. Ibn Sina (980–1037) akaufafanua zaidi mgawanyo huo kwa Kiarabu. Maneno hisi, fikira na hifadhi, ambayo Kiswahili kimeyapokea, yana asili moja na majina aliyoyapa nguvu hizo.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Leonardo da Vinci alimimina nta iliyoyeyushwa katika ubongo wa ng'ombe, na ilipoganda akapata umbo halisi la vyumba. Hata hivyo aliendelea kuviandikia kazi zile zile za kale. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1543, ndiye aliyeuliza swali zito: ikiwa wanyama wana vyumba kama vyetu, yawezekanaje vyumba hivyo viwe sababu ya akili ya mwanadamu?

Baadaye uchunguzi ukageukia maji yenyewe. Domenico Cotugno aliyaeleza mwaka 1764, na mwaka 1783 Alexander Monro akaeleza tundu liunganishalo vyumba vya ubavuni na kile cha tatu. Sasa yajulikana kwamba mtu mzima hutoa kiasi cha mililita 500 za maji hayo kila siku, ilhali nafasi yake yote huchukua 150 tu. Basi hayana budi kutoka. Mfereji mwembamba kati ya chumba cha tatu na cha nne, uitwao kwa jina la Sylvius, ukiziba, maji hurudi nyuma, na kichwa cha mtoto mchanga huvimba.

Hivyo vyumba hivyo havikuwa makao ya akili. Lakini njia zake zikizibwa, akili yenyewe huwa hatarini.